"Mbona Ameachiliwa?" Kuelewa Ushahidi Unaotakiwa Kortini

(Haya ni mazungumzo na viongozi wa vikundi vya kujisaidia, Likoni. Tumeyafupisha kidogo.)

Nimeombwa nizungumze juu ya korti. Pale mlangoni mama mmoja ameniuliza: "Sanduku la chama chetu liliibiwa. Kijana akashikwa, akapelekwa kortini, akaachiliwa. Je, watu walikula hongo?"

Mama, hongo ipo, na mwenye habari zake apeleke ripoti. Lakini kesi nyingi huanguka kwa sababu nyingine: ushahidi haukutosha. Basi leo tuangalie "kutosha" maana yake nini.

NI KAZI YA NANI?

Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 50, yasema mshtakiwa huhesabiwa hana hatia mpaka ithibitishwe kuwa anayo. Kuthibitisha ni kazi ya upande wa mashtaka. Mshtakiwa hana lazima ya kuonyesha kwamba hakuiba. Aweza hata kunyamaza.

KIASI GANI?

Korti ina mizani mbili. Ukimdai mtu deni la chama, hiyo ni kesi ya madai. Hakimu hutazama upande upi una uzito zaidi. Ukizidi hata kidogo, umeshinda.

Kesi ya jinai si hivyo. Hapo mtu aweza kufungwa miaka mingi, na kwa wizi wa mabavu adhabu ya kifo ingali imo katika sheria. Kwa hiyo hatia lazima ithibitishwe pasipo shaka ya maana. Nyinyi watu wa Likoni mwajua feri. Dereva haingizi gari mlango ukiwa bado waning'inia, hata ukibakisha kidogo tu. Hungoja uguse chini.

Lakini sikilizeni, si kila shaka. Mwaka 1947 Jaji Denning wa Uingereza alieleza kwamba haitakiwi ihakikishwe hata isibaki shaka ndogo kabisa ya kubahatisha, na mahakama zetu hufuata maelezo hayo. Mtu akisema, "Labda ni jini aliyeiba," hiyo si shaka ya maana. Akisema, "Palikuwa na giza na shahidi hakuona uso," hiyo ni shaka yenye miguu.

TUCHUKUE MFANO

Tuseme ni saa nane za usiku, Mtongwe. Stima zimepotea. Mtu aruka dirishani na sanduku la chama. Jirani amwona mara moja tu, kwa mgongo. Asubuhi watu wasema, "Ni yule kijana asiye na kazi." Ashikwa, apigwa, akiri.

Kortini maswali yaanza. Mwanga ulitoka wapi? Umbali ulikuwa hatua ngapi? Ulimtazama kwa muda gani? Ulikuwa wamjua kabla? Na maneno ya kukiri aliyotolewa kwa kipigo hayana nguvu.

Jambo hili si geni. Mwaka 1953, katika kesi ya Abdalla bin Wendo, Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki ilisema kwamba shahidi mmoja aweza kutosha, lakini maneno yake ya kumtambua mtu yapimwe kwa uangalifu mkubwa, hasa kama hali ya kuona ilikuwa ngumu. Mahakama za Kenya zingali zinafuata neno hilo.

Sasa tugeuze mfano. Asubuhi hiyo hiyo polisi wapata sanduku chini ya kitanda cha kijana, naye hana maelezo ya kueleweka. Hapo ushahidi una uzito, hata kama hakuna aliyeona uso.

SISI TUFANYE NINI?

1. Piga ripoti mapema, iandikwe kwenye OB. Kama ulimtambua mtu, sema jina lake au umbo lake siku hiyo hiyo. Jina likija baada ya wiki mbili, korti itauliza lilikuwa wapi.

2. Usiguse vitu mahali palipoibiwa mpaka polisi wafike.

3. Usimpige mtu. Wapoteza ushahidi, na wewe mwenyewe waweza kushtakiwa.

4. Kama hukumjua mtu, usionyeshwe peke yake. Kwenye gwaride la utambulisho mshukiwa huchanganywa na watu wasiopungua wanane.

5. Nenda kortini kila ukiitwa. Shahidi asipofika, kesi hufa.

6. Sema uliloliona tu. "Niliambiwa" si "niliona".

NA MTOTO WETU JE?

Kuna wazazi hapa wenye vijana Kisauni na Changamwe. Msako ukipita, hushikwa mwenye kosa na asiye na kosa. Siku hiyo utashukuru kwamba korti haifungi mtu kwa "nadhani ni yeye". Kumbuka pia kifungu cha 49: aliyeshikwa afikishwe kortini kabla ya saa 24 kupita, na zikiishia siku isiyo ya korti, siku ya korti inayofuata. Sheria inayomlinda mwanao ndiyo ile ile inayomlinda yule uliyemshuku.

Mama, nakujibu sasa. Kuachiliwa si kusema kwamba kijana ni mwema. Ni kusema haikuthibitishwa. Na si mwisho wa njia. Mweka hazina akiachiliwa kwa mashtaka ya wizi, chama bado chaweza kumdai kwa kesi ya madai, ambako mizani ni nyepesi. Lakini mtashinda kwa nini? Kwa vitabu, risiti na sahihi. Basi jioni hii mkirudi, fungueni vitabu vyenu mwone kama vyaweza kusimama mbele ya hakimu.



Maswali ya kujadili kikundini:
1. Sanduku letu likiibiwa leo, ni nani kati yetu angeweza kusema "niliona"?
2. Je, kila shilingi inayoingia na kutoka ina risiti na sahihi?