Mbona Mikono Yote Iliinuka?

(Maongezi katika semina ya viongozi wa vikundi)



Niliwahi kukaa na kikundi kilichotaka mkopo wa kununua mashine ya kusaga. Mwenyekiti akauliza, "Tumekubaliana?" Mikono yote juu! Wakati wa chai, watatu wakaja kwangu, kila mmoja kivyake, wakasema mkopo ule hawautaki. Kila mmoja alidhani yuko peke yake. Nami niliona hesabu haziingiani, nikanyamaza.

Msiseme ni kukosa masomo. Mwaka wa 1951 huko Marekani, mtaalamu Solomon Asch aliwaonyesha wanafunzi wa chuo mistari, wataje upi unalingana na mwingine. Hata mtoto wa nasari angejibu. Lakini wenzao chumbani walikuwa wamepangwa kimbele wajibu makosa. Basi karibu thuluthi moja ya majibu ya wasiojua mpango huo ikafuata makosa ya wengi. Wengine waliogopa kuonekana vibaya, wengine wakashuku macho yao wenyewe.

Sasa sikilizeni hapa. Mtu mmoja tu aliposema kweli, kule kufuata kulipungua sana. Mmoja tu!

Kwa hivyo, mwenyekiti, usitangulize maoni yako. Piga kura ya siri: punje ya mahindi ni ndiyo, haragwe ni la. Na yule mama mnayemwita mkorofi (kila kikundi kina wake), mwacheni amalize kusema kabla ya kuinua mikono.

Kikundi kile walichukua mkopo. Mashine ilipokwama, wale watatu walilipa sawa na wengine.