Mlango Unaoingia Ukutani: Uamuliwe Kabla ya Tofali la Kwanza

Ndugu zetu wa Mbinga na wa mwambao wa Ziwa Nyasa,

Tumekuja kuzungumza nanyi juu ya mlango wa ndani usiofunguka kwa bawaba, bali huteleza kwenye reli na kujificha katikati ya ukuta. Wengi wenu mmeuona katika nyumba za wageni au katika picha za simu, mkaupenda. Nasi hatuna ugomvi nao. Mlango wa bawaba wenye upana wa sentimeta 80 hutaka karibu nusu meta ya mraba ya sakafu kila unapofunguliwa, na katika choo cha ndani au ukumbi mwembamba nafasi hiyo si haba.

Mama mmoja wa kando ya ziwa aliuweka mlango wa namna hiyo kati ya chumba cha mumewe, aliyepooza upande mmoja, na choo. Mwezi wa Agosti uliteleza bila kelele. Ulipofika Machi, mvua zimekolea, ubao ulivimba ukanasa, nusu ndani ya ukuta na nusu nje, mgonjwa akiwa upande wa choo. Vijana wa jirani walivunja ukuta kwa nyundo ili wamtoe. Fundi alipoulizwa alijibu kwamba siku ya kukabidhi mlango ulikuwa mzima. Mama hakuwa na mkataba wala risiti ya kumjibu.

Ubao mbichi ulichangia, lakini kosa lilianza mapema zaidi. Boma lilikuwa limekwisha kusimama ndipo mlango huo ukafikiriwa. Sisi huku twajenga kwa awamu: mauzo ya kahawa ya mwaka huu yanapandisha kuta, ya mwaka ujao yanapaua, na milango husubiri zamu yake. Kwa mlango wa bawaba, subira hiyo haidhuru. Kwa mlango unaoingia ukutani, inagharimu ukuta mzima.

Sababu ni vipimo. Mlango wa sentimeta 80 unahitaji uwazi wa kupita watu, kisha mfuko wa urefu ule ule ndani ya ukuta wa kuuhifadhi. Ukijumlisha na fremu, unapata sentimeta 165 hadi 170. Linta haina budi kuvuka upana huo wote na kukalia tofali pande zote mbili, hivyo izidi meta 2. Linta ya mlango wa kawaida haitoshi, na ikilegea kidogo tu katikati, reli nayo inapinda na mlango unagoma. Tena ubao wenye unene wa sentimeta 4 unahitaji walau sentimeta moja ya hewa kila upande. Ukiuchimbia mfuko huo katika ukuta wa tofali za kuchoma wa inchi 5 au 6, ngozi inayobaki kila upande ni nyembamba mno kujisimamia. Kwa hiyo sehemu ya mfuko haijengwi kwa tofali. Husimamishwa fremu ya mbao kavu au ya chuma, ikafunikwa kwa mbao za tabaka au za saruji. Jipsamu ya kawaida tusingeishauri karibu na bafu, wala mahali penye unyevu kama Mbamba Bay au Liuli. Na ukuta unaobeba kenchi za paa usiuguse kabisa.

Mwambieni pia fundi umeme na fundi bomba mapema. Swichi, soketi na mabomba havina nafasi katika mfuko huo, na msumari mrefu wa kutundikia picha unaweza kuukwaruza mlango au kuufunga humo ndani.

Kuhusu mbao, ulizeni zimekauka kwa muda gani, wala msiridhike na jina la mti. Mninga ni mti mzuri, lakini mlango wake mzima unaweza kufikia kilo 40, na reli nyepesi haiubebi. Muulizeni muuza reli inabeba kilo ngapi, naye aandike katika risiti. Ubao uliopasuliwa juzi huko Umatengo ukateremshwa ziwani utabadilika umbo, hata ukipakwa rangi ya namna gani.

Kama nyumbani yupo mtu wa kiti cha magurudumu, pimeni uwazi mlango ukiwa umefunguliwa. Mara nyingi kipande chenye kishikio hubaki nje, na sentimeta 80 za kwenye karatasi zikawa 72 za kweli. Agizeni ubao mpana zaidi tangu mwanzo.

Mkataba wa fundi unaweza kuwa ukurasa mmoja wa daftari: vipimo, aina ya mbao, bei, malipo kwa awamu, na nani atagharimia marekebisho mlango ukikwama kabla ya masika moja kupita. Wekeni saini, pawepo shahidi. Dukani daini risiti ya mashine ya kodi. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumdanganya mnunuzi juu ya ubora wa bidhaa, lakini mlalamikaji asiye na karatasi huanza safari akiwa nyuma.

Siku ya kukabidhiwa, fungeni na kufungua mara nyingi, kwa mkono mmoja. Kisha mwombeni fundi autoe mlango kwenye reli na kuurudisha mbele yenu. Reli nzuri hufunguliwa kwa bisibisi kupitia ubao wa juu wa fremu. Fundi akisema hilo haliwezekani bila kuvunja ukuta, msilipe awamu ya mwisho.

Mama yule wa kando ya ziwa ameuziba ule ukuta. Choo sasa kina mlango wa bawaba, unaofunguka kwa nje.