Kipimo cha Oili ni cha Injini, Si cha Dumu
Maneno yaliyotolewa na askari wa usalama barabarani katika mkutano wa polisi na wananchi, Busia, upande wa Uganda

Wapo waliotazamia kwamba leo tungesema habari za leseni, au za mizigo iliyozidi, au za kofia ngumu. Hayo yana siku yake. Leo madereva wenyewe wametuomba tuzungumzie jambo linaloonekana dogo: mtu anayebadilisha oili ya gari lake nyumbani, atie kiasi gani?

Aweza mtu kuuliza, polisi na oili wapi na wapi. Gari likifa usiku katika barabara ya kuelekea Tororo, halifii uwanjani. Hufia njiani mwa malori ya mizigo, mara nyingine bila taa, na abiria hushuka gizani na watoto mikononi wasijue wasimame upande gani. Sisi ndio tunaoitwa. Boneti ikifunguliwa, fundi huvuta stiki ya oili kabla ya kushika kitu kingine chochote, na hapo wengi hushangaa, kwa kuwa ubaya hauko katika oili iliyopungua peke yake. Oili iliyozidi nayo huharibu.

Hatumlaumu anayefanya kazi hii nyumbani. Fedha ya fundi ni fedha, na mwenye gari anayelijua gari lake ni dereva bora kuliko asiyelijua. Tunachotaka ni kwamba aifanye kwa kipimo.

Chukueni mfano wa gari ambalo hapa hakuna asiyelijua: Toyota Probox yenye injini ya lita 1.5, ile ambayo mafundi huiita 1NZ. Injini hiyo hupokea lita 3.7 za oili ikiwa filta nayo inabadilishwa, na lita 3.4 ikiwa filta ya zamani inaachwa. Dukani oili huuzwa katika dumu la lita 4. Basi anayemimina dumu zima baada ya kubadilisha filta amezidisha lita 0.3, na anayemimina dumu zima bila kubadilisha filta amezidisha lita 0.6, yaani zaidi ya chupa ya maji ya nusu lita. Na tunajua kwa nini humimina lote: amelilipia lote, na moyo haumruhusu kubakiza. Lakini kilichobaki hakijapotea. Kifungwe vizuri, kiwekwe mahali pasipo na vumbi, kwa kuwa injini iliyozeeka hula oili kidogo kidogo, na baada ya majuma machache mabaki hayo ndiyo yatakayoijaza tena.

Oili hukaa chini ya injini katika sampu, na juu yake tu huzunguka mhimili ambao mafundi huuita krenki, maelfu ya mara kila dakika. Oili ikizidi, krenki huifikia na kuipiga kama mwiko unavyopiga mayai, ikawa povu. Povu lina hewa. Pampu ikivuta povu, shinikizo la oili hupungua, na vyuma vilivyopaswa kuelea juu ya utando wa oili huanza kusagana, ingawa sampu imejaa. Oili nyingine husukumwa kupitia njia ya hewa hadi ndani ya silinda ikaungua, ndipo mnapoona moshi wa rangi ya samawati nyuma ya gari. Na nyingine hutafuta sili iliyochoka na kuvuja. Wapo wanaosema, "Acha itembee, itapungua yenyewe." Itapungua, ndiyo, lakini kwa gharama ya injini. Aliyezidisha na ailegeze nati ya sampu, injini ikiwa imepoa, atoe kidogo. Au aivute kwa bomba la sindano na mpira mwembamba kupitia tundu la stiki. Hilo la pili halichafui mikono, nasi ndilo tunalolipendelea.

Oili ikipungua mno, pampu huvuta hewa gari linapopanda mlima au kukata kona. Hapa tuseme neno kuhusu ile taa nyekundu yenye picha ya kibuyu cha oili. Taa hiyo haipimi wingi wa oili, hupima shinikizo. Ikiwaka injini ikiwa inaunguruma, shinikizo limekwisha kupotea: weka gari kando ya barabara mahali salama na uzime injini papo hapo. Asiwepo wa kusema atafika kwanza nyumbani, hata nyumbani kukiwa ni kilomita 2. Vilevile, asiwepo wa kujituliza kwamba taa haijawaka basi oili inatosha. Kinachosema habari ya wingi ni stiki.

Sasa kazi yenyewe. Gari lisimame mahali tambarare. Kwenye mteremko stiki husema uongo, na oili ya zamani haitoki yote. Injini iunguruzwe dakika chache ipate joto kidogo, izimwe, ndipo nati ya sampu ifunguliwe na oili iachwe itiririke hadi iwe matone. Na hapa tunawasihi kwa uzito wote: mtu asiingie chini ya gari lililoinuliwa kwa jeki peke yake. Jeki huteleza, na jeki ya mafuta huweza kushuka bila taarifa. Liwekewe stendi imara, au magogo mapana yasiyopasuka, na magurudumu yaliyo chini yazuiwe kwa mawe. Matofali ya udongo hayafai, hupasuka kwa ghafla. Watoto wakae mbali. Injini iliyoharibika hununuliwa nyingine. Kifua kilichobanwa na gari hakina duka.

Oili ikiisha kutoka, nati irudishwe na washa yake, filta mpya ipakwe oili kidogo kwenye mpira wake na kukazwa kwa mkono. Kisha anza kutia. Kwa Probox tuliyoitaja, tia lita 3 kwanza, usiongeze. Ngoja dakika chache oili ishuke. Vuta stiki, ifute, irudishe yote, ivute tena. Stiki ina alama mbili, ya chini na ya juu. Katika magari mengi madogo nafasi iliyo kati yake ni takriban lita 1. Ongeza kidogo kidogo mpaka oili ifike kati ya alama hizo. Washa injini kwa dakika moja, uangalie taa nyekundu izimike, kisha uizime na ungoje kama dakika 5. Utakapopima tena utakuta oili imeshuka, kwa sababu filta mpya imekunywa sehemu yake. Wengi hupima mara moja tu, kabla ya kuwasha, wakafunga boneti na kwenda. Ni baada ya kipimo hiki cha pili ndipo unapokamilisha hadi karibu na alama ya juu, wala usiivuke. Asiye na chombo cha kupimia atumie chupa ya maji ya nusu lita iliyosafishwa na kukaushwa kabisa. Tone la maji halina kazi ndani ya injini.

Mwenye gari la aina nyingine asiazime hesabu ya Probox. Kitabu cha gari lake kina kiasi chake, na kama kitabu kilipotea tangu gari lilipokuwa la mwingine, stiki haikupotea. Aanze na kiasi pungufu na kuongeza kwa kupima.

Ndugu zetu wa bodaboda, ninyi kosa dogo huwaumiza zaidi. Injini nyingi za pikipiki mnazoendesha hupokea karibu lita 1 tu, hivyo glasi moja pungufu ni kama sehemu moja ya tano ya oili yote. Pikipiki isimamishwe wima wakati wa kupima, isiegemee stendi ya upande. Katika pikipiki nyingi kifuniko chenye stiki huingizwa tu bila kuzungushwa ndipo kipimo kisomwe, lakini si zote. Nyingine zina kioo kidogo ubavuni. Hakikisheni ya kwenu. Tena oili hiyo moja huhudumia injini, gia na klachi, kwa hiyo oili nyingine za magari hufanya klachi iteleze. Tafuteni kopo lenye alama JASO MA, hata kama muuzaji anawaambia oili ni oili.

Tukisha kumtaja muuzaji, angalieni pete ya kifuniko kabla ya kulipa. Pete iliyokatika au kubandikwa gundi ni dalili kwamba dumu lilijazwa mahali pengine, pengine kwa oili iliyotumika na kuchujwa rangi. Na madumu hayo matupu hutoka wapi? Hutoka kwetu sisi sote tunaoyatupa yakiwa mazima. Litobolewe kila dumu tupu kwa msumari kabla ya kutupwa. Anayewaona watu wakikusanya madumu yenye vifuniko na lebo safi, na hawauzi takataka za plastiki, atuarifu. Jina lake halitatajwa.

Oili ya zamani irudishwe katika chombo kinachofungika na kupelekwa gereji inayokusanya oili chafu. Tunajua kuna wanaoipaka nguzo kuzuia mchwa, na wanaoimwaga uani kutuliza vumbi. Mvua ya kwanza huiondoa hapo na kuipeleka mtaroni, na mitaro yetu humaliza safari katika mto Sio, na Sio humaliza katika Ziwa Viktoria. Mto huo hauulizi pasipoti: ng'ombe wa ng'ambo hii na wa ng'ambo ile hunywa maji yale yale.

Maswali tutayapokea kando ya gari hili lililoegeshwa hapa mbele. Oili yake imekwisha kumwagwa na filta imebadilishwa tangu asubuhi. Tunahitaji watu wawili, mmoja wa kumimina na mmoja wa kusoma stiki, na yule wa stiki ndiye atakayemwambia mwenzake lini aache.