Askari Mbele ya Watu Wenye Hasira

Jioni hii twataka kuwaeleza habari za kazi ngumu ya askari polisi, yaani namna anavyopaswa kupima hatari na kuwatuliza watu wenye hasira kabla mkono wake haujafika kwenye kirungu au bunduki. Sisi ni walimu wa chuo cha ualimu, wala si polisi; walakini jambo hili ni jambo la mafunzo, na habari za mafunzo twazijua kidogo.

Mfano hauko mbali. Jumamosi, tarehe 26 Januari 2013, mjini Masasi, palitokea ugomvi baina ya polisi na waendesha bodaboda. Magomvi ya namna hii hutokea njiani mara nyingi, yakaisha. Siku ile hayakuisha. Ghasia zikaenea mjini, majengo ya umma, magari na nyumba za watu vikachomwa moto, na watu wakafa. Tukumbuke siku zenyewe zilivyokuwa: wenyeji wa Mtwara walikuwa na uchungu kwa sababu gesi ya kwao ilikusudiwa kupelekwa Dar es Salaam kwa bomba. Ugomvi ule ulikuwa kijinga cha moto kilichoanguka katika nyasi kavu. Waziri Mkuu wa wakati ule, Bwana Mizengo Pinda, alikuja Mtwara, akaketi na wenyeji akawasikiliza, na watu wakatulia. Lakini mwezi wa Mei mwaka huo huo ghasia zilirudi.

Hatusimulii haya ili kumhukumu mtu. Twataka kuonyesha neno moja tu. Askari wa njiani hawezi kuondoa manung'uniko ya mkoa mzima. Hiyo ni kazi ya wakubwa wa nchi. Si yeye aliyezikausha nyasi. Lakini kijinga ki mkononi mwake, naye aweza kufundishwa asikiangushe.

Afundishwe nini basi? Kwanza, kupima hatari. Mbele ya kila mtu ajiulize maswali matatu: Je, mtu huyu ana kitu cha kudhuru? Je, yu karibu kiasi cha kuweza kudhuru? Je, matendo yake yaonyesha nia ya kudhuru? Swali la kwanza peke yake halitoshi. Huku kwetu mtu atokaye shambani kwenye mikorosho yake hushika panga mkononi, wala hana ugomvi na mtu. Askari mgeni asiyefundishwa ataliona panga na kushtuka. Aliyefundishwa ataitazama mikono ya mtu, macho yake na mwendo wake. Tena kelele si hatari. Mwezi wa Oktoba 2018 wakulima wa Tandahimba na Newala walizikataa bei za wanunuzi wa korosho mnadani. Mkulima akipaza sauti kwa sababu jasho lake limepimwa kwa bei ndogo, hilo ni sikitiko, wala si shambulio.

Pili, afundishwe kuupa wakati nafasi. Arudi nyuma hatua chache, asimzingire mtu. Wenzake wanyamaze, aseme mmoja tu, tena kwa sauti ya chini. Amwite mtu kwa heshima: mzee, mama, kaka. Aeleze kwa nini amemsimamisha, kisha alisikilize jibu mpaka mwisho. Ikiwa hana budi kumkamata kijana, amsogeze kando kwanza, kwa kuwa kijana aliyeaibishwa mbele ya wenzake huona lazima ajibu mbele yao. Na umati usizibiwe njia zote. Watu wasioona pa kutokea hugeuka kupigana, hata wale waliokuwa wakitaka kwenda nyumbani.

Mambo haya hayamwingii mtu kwa kuandikwa ubaoni. Twawajua wanafunzi wetu. Mmoja amekariri kanuni zote za kufundisha, lakini siku ya kwanza akisimama mbele ya watoto sitini, ulimi humkauka, akashika fimbo. Si mtu mbaya. Ameogopa, na mwenye hofu hushika kilicho karibu. Kwa hiyo twamfanyisha mazoezi mara nyingi mbele ya wenzake na kumsahihisha. Vivyo hivyo askari, tangu Shule ya Polisi ya Moshi hata vituo vya wilaya, yafaa wafanye mazoezi kwa kuigiza: mmoja awe mwendesha bodaboda mkali, mwingine mlevi, mwingine mama aliyefiwa, na mmoja awe askari, mpaka ulimi uzoee kuutangulia mkono.

Wala mawazo haya si yetu peke yetu. Mwaka 1990, mjini Havana, mkutano wa Umoja wa Mataifa ulipitisha kanuni kwamba polisi watangulize njia zisizo za nguvu, na wafundishwe tabia za umati na ufundi wa kushawishi na kusuluhisha. Huko Marekani, polisi wa mji wa Louisville walifundishwa hivyo mwaka 2019. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Cincinnati walipopima, waliona matumizi ya nguvu yamepungua kwa 28 katika kila 100, majeraha ya raia kwa 26, na majeraha ya askari wenyewe kwa 36. Askari ndiye aliyepata faida kubwa zaidi! Lakini tusijidanganye. Mji ule ule, Machi 2020, polisi walivunja mlango usiku wakamwua Breonna Taylor nyumbani mwake. Mafunzo ya askari hayatoshi ikiwa amri za wakubwa wake hazikufikiriwa vema.

Ninyi nanyi, wasikilizaji, mna sehemu yenu. Askari akisema na mtu njiani, msikimbilie kuwazunguka. Mwenye panga aliweke chini. Mzee anayejulikana na pande zote mbili asogee na kusema neno la upole. Wengine wasimame mbali, waone, wakumbuke, ili wakashuhudie kweli mahali panapostahili.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Msimu wa korosho huja kila mwaka, na pamoja nao minada, bei, na malipo ambayo pengine huchelewa. Siku hiyo mkulima na askari watakutana tena barabarani, wote wawili wakiwa wamechoka, na kila mmoja ana watoto wanaomngojea nyumbani. Twataka wote wawili wafike.