Nywila Zinazohifadhiwa na Kivinjari: Ufunguo Uko Mikononi mwa Nani?



Kila kivinjari kinapouliza kama kihifadhi nywila, wengi wetu hukubali bila kujua inakwenda kuwekwa wapi. Nimeileta mada hii kwa sababu wengi tuliopo hapa tunasimamia kompyuta za watu wengi: za ofisi, za maktaba, za steshenari.

Tuanze na Chrome kwenye Windows. Nywila huingia katika faili liitwalo Login Data, ambalo ni hifadhidata ya SQLite. Ukilifungua utasoma waziwazi anwani za tovuti na majina ya watumiaji. Nywila zenyewe ndizo zilizosimbwa, yaani zimegeuzwa zisisomeke. Tangu toleo la 80, mwaka 2020, zinasimbwa kwa mbinu ya AES yenye ufunguo wa biti 256, na ufunguo wa namna hiyo haubahatishwi. Lakini umewekwa papo hapo jirani, katika faili la Local State, ukiwa umefungwa na huduma ya Windows iitwayo DPAPI. Huduma hiyo hutegemea akaunti uliyoingilia kwenye kompyuta.

Naomba tutulie hapo. Windows haimjui mtu, inaijua akaunti. Mwizi akiichomoa diski na hana nywila ya akaunti, ataambulia herufi zisizo na maana. Ila programu hasidi iliyoingia pamoja na mchezo wa bure hufanya kazi ndani ya akaunti yako iliyokwisha kufunguliwa. Huomba ufunguo, ikapewa. Julai 2024, katika toleo la 127, Google ilianza kuufunga ufunguo uitambue Chrome pekee, ikitangulia na kuki, yaani vipande vidogo vya data ambavyo tovuti huviacha katika kivinjari. Haikupita miezi mingi watengenezaji wa programu za wizi wakapata njia za kuuzunguka ulinzi huo.

Kwenye Linux, Chrome hutumia hazina ya funguo ya mfumo. Isipoipata, husimba kwa neno moja lisilobadilika, neno la Kiingereza lenye maana ya karanga, lililomo katika msimbo ambao yeyote anaweza kuusoma.

Firefox ina mafaili mawili, logins.json na key4.db. Usipoweka nywila kuu, anayeyanakili yote mawili amepata kila kitu. Ukiiweka, ufunguo haufunguki bila hiyo, na ukiisahau hakuna wa kukurudishia nywila zako. Kwangu mimi, usumbufu huo unastahili kuvumiliwa.

Niliwahi kuitwa katika ofisi ambayo watumishi watano walitumia akaunti moja ya Windows. Tulifungua orodha ya nywila. Chrome ikadai namba ya siri ya kompyuta, na wote watano waliijua. Tukakuta barua pepe ya mtumishi aliyekwisha kuacha kazi, nywila yake ikionekana herufi kwa herufi. Alikuwa ameiacha wazi bila kujua, na niliona uchungu kwa ajili yake.

Siku hiyo tulifungua akaunti tano, kila mmoja na yake. Kwa steshenari, ambako wanafunzi huja kujaza maombi ya mikopo na kuondoka, akaunti kwa kila mteja haiwezekani. Huko tuzime kabisa uhifadhi wa nywila katika mipangilio, na kila mteja afunguliwe dirisha la mgeni, ambalo likifungwa halibakizi nywila wala kuki. Baada ya chai tutafanya hivyo pamoja kwenye kompyuta zilizo mbele yenu.