UZI NA CHUNGWA
(Hotuba iliyotolewa katika mkutano wa wanafunzi wa zamani)



Nimeombwa nieleze kazi yangu. Kabla ya kustaafu nilikuwa mpangaji wa safari za ndege. Nilipima njia na kukadiria mafuta kabla rubani hajapanda. Lakini leo nitaanza na sifuri niliyoipata hapa hapa shuleni.

Tulikuwa Kidato cha Pili. Mwalimu wa Jiografia alituuliza njia fupi ya ndege kutoka Singapore hadi New York. Mimi niliweka rula juu ya ramani ya ukutani, nikapiga mstari kupitia Bahari ya Hindi, Arabuni, Sahara na Atlantiki. Nikapewa sifuri. Nilinuna wiki nzima, nikasema nimeonewa.

Wiki iliyofuata Mwalimu aliingia na chungwa, pini mbili na uzi. Akachoma pini penye miji ile, akauvuta uzi ukakaza. Uzi haukupita Arabuni wala Sahara. Ulipita karibu kabisa na kikonyo, yaani Ncha ya Kaskazini!

Vijana, chukueni kalamu. Singapore iko longitudo 104 Mashariki, New York 74 Magharibi. Jumla ni 178, karibu sawa na 180. Kwa hiyo miji hiyo imepeana mgongo, na njia fupi yapita karibu na Ncha. Singapore iko digrii 1 kaskazini ya Ikweta. Hadi Ncha ni digrii 89. New York iko digrii 41. Kutoka Ncha ni digrii 49. Jumla 138. Kila digrii ni kilomita 111, basi ni kilomita 15,318. Mstari wangu wa rula ungezidi kilomita 18,000.

Msidhani ni mchezo wa darasani. Mwaka 2004 shirika la ndege la Singapore lilianza kuruka moja kwa moja hadi Newark, jirani ya New York. Safari hiyo ilisimama 2013, ikarudi 2018. Ni saa 18 hivi angani. Rubani huweza kuiacha njia fupi na kufuata ndefu yenye upepo wa kumsukuma, lakini lazima kwanza aijue ile fupi. Huko juu hakuna kituo cha mafuta. Kila nilipotia sahihi karatasi ya mafuta nililikumbuka chungwa lile, maana roho za watu zilikuwa katika hesabu yangu.

Jana nimeingia chumba cha Jiografia. Ramani ya ukutani ipo. Tufe la dunia halipo. Wenzangu, tusiondoke leo kabla hatujachanga tufe moja.

Na kwa Mwalimu wetu nasema mbele yenu nyote: sifuri ile ilikuwa haki yangu.