Panga letu pia



Tulipoitwa kwenye mafunzo ya viongozi wa walimaji, tulidhani tutapewa majembe na mbegu basi. Hapa Masisi ugonjwa wa mnyauko wa migomba ulijulikana tangu mwaka wa 2001. Wenyeji waliotupokea walisema sisi wakimbizi ndio tumeuleta. Sisi tukasema wanatafuta sababu ya kutufukuza. Ilibaki kidogo watu wapigane.

Agronomu akakata mgomba mgonjwa, ukatoa usaha wa manjano. Akauliza: “Panga hili sasa linaenda wapi?” Tukanyamaza. Kila siku ya kibarua tulitoka shamba moja kwenda lingine bila kulipitisha motoni. Wadudu nao huubeba kupitia ua dume, kwa hiyo livunjwe mapema kwa mti wenye panda, siyo kwa kisu.

Kulima tulikuwa tunajua. Kusimama mbele ya mwenye shamba na kusema “huenda ni panga letu”, hilo ndilo lilitushinda siku nyingi. Tulipolisema, mzee mmoja alituangalia sana, kisha akajibu: “Hata langu.”

Tukawasha moto mmoja, mapanga yote yakapita.